Naomba ushauri: safu ya sera gazetini inayokauka kila Julai

Wadau, naomba ushauri kwa waliowahi kuhariri kurasa za sera hapa Nairobi.

Safu ya aina hii huenda na kalenda ya bajeti. Taarifa ya Sera ya Bajeti hufika Bungeni kufikia 15 Februari, makadirio 30 Aprili, na ikifika Juni kila mtu anataka kujua unga na mafuta vitapanda kiasi gani. Mwaka 2024 Mswada wa Fedha ulijadiliwa hadi kwenye matatu. Ikifika Agosti, wasomaji kwisha, na mhariri mkuu anaanza kuitolea macho nafasi ile aipe spoti.

Baya zaidi, safu hubebwa na mtu mmoja. Ezra Klein, mwandishi wa safu ya sera huko Marekani, alipoondoka gazeti la Washington Post mwaka 2014 kwenda kuanzisha tovuti ya habari ya Vox, baadhi ya wenzake walimfuata; gazeti likabaki na jina la safu. Hapa kwetu, mchambuzi akishajua kusoma jedwali la mgao wa kaunti, mashirika humnyakua.

Wazo lililopo: kuanzia Julai, tutumie ripoti za robo mwaka za Msimamizi wa Bajeti, afisa anayefuatilia matumizi ya pesa za umma. Kaunti moja kwa wiki: pesa zilizotengwa, zilizotumika kweli, na bili za wakandarasi ambazo hazijalipwa. Kila makala iandikwe na wawili, faili ya hesabu ibaki dawatini.

Je, msomaji wa Kayole hapa Nairobi atajali bili za kaunti ya mbali kama Turkana? Na mfadhili akilipia safu, mnamzuiaje asichague mada?