Naomba ushauri: meza ndefu, kiti kisichopanda na ganzi ya mkono

Ndugu wanajumuiya, habari za kazi. Ninaishi Dodoma mjini na ninaandaa hesabu kwa kompyuta mpakato nikiwa nyumbani, kutwa nzima. Shingo imekuwa ikikakamaa, na mkono wa kulia unakufa ganzi, hasa kidole gumba na cha shahada.

Meza yangu ina kimo cha sentimita 76, na kiti ni cha mbao, hakipandi wala hakishuki. Nimeinua kompyuta juu ya vitabu hadi ukingo wa juu wa kioo ukalingana na macho, nikaongeza kibodi ya pembeni. Shingo imepata nafuu kubwa, lakini mkono bado, kwa kuwa viwiko vinabaki chini ya kibodi badala ya kuwa usawa wake. Nikiweka mto kitini viwiko vinakaa sawa, ila miguu inaning'inia na ukingo wa kiti unabana mapaja, jambo ambalo naona si salama kwa mtu anayekaa muda mrefu.

Je, seremala apunguze miguu ya meza, au nibaki na mto na kutengenezewa kibao cha kukanyagia? Na ganzi hii, ambayo sasa huniamsha usiku, isubiri marekebisho hayo au nimwone daktari kwanza?