Kazi zipi zinaendana kweli na kupeleka na kuchukua watoto shule?

Mama Ratiba:
Habari zenu wadau. Natafuta kazi isiyogombana na saa za shule. Geti linafungwa saa 2:00 asubuhi na watoto wanatoka saa 8:30 mchana, Jumatatu hadi Ijumaa, na hakuna mwingine wa kuwachukua. Nina ujuzi wa hesabu za ofisi, naandika haraka kwenye kompyuta na intaneti ya nyumbani haisumbui. Matangazo mengi yanajisifu kwamba muda wa kazi unapangika, lakini ukisoma hadi mwisho unakuta ni saa 2 hadi saa 11 kama kawaida. Niombe kazi za aina gani, na likizo za shule watu wanazipangaje?

Karani wa Zamu:
Karibu dada. Anza na hesabu ya saa kabla hujatazama tangazo lolote, maana hapo ndipo wengi wanapokwama. Kati ya saa 2:00 na 8:30 kuna saa sita na nusu, lakini zote si za kazi. Tuseme kazini ni mwendo wa nusu saa kutoka shuleni. Weka dakika 15 za akiba kila upande kwa foleni na mtoto aliyesahau daftari. Utaingia kazini saa 2:45 na kuondoka saa 7:45, yaani saa tano. Toa nusu saa ya chakula, zinabaki nne na nusu za kulipwa, sawa na 22.5 kwa wiki. Ukilinganisha na kazi ya saa 40, hiyo ni zaidi kidogo ya nusu, kwa hiyo tarajia mshahara wa kiasi hicho, halafu toa nauli. Tangazo linalodai saa 25 kwa wiki za kukaa ofisini tayari limekupita, hata likiitwa la nusu siku.

Kazi za ndani ya shule ndizo zinazoshika likizo vizuri zaidi: karani wa ofisi, msaidizi wa maktaba, fundi wa maabara, msaidizi wa darasani, mwangalizi wa watoto kwenye basi. Lakini uliza mambo matatu kabla ya kusaini.

La kwanza ni saa ya kuingia. Jikoni huanza mapema sana kabla ya kengele, na msaidizi wa basi huanza kabla hata watoto wako hawajaamka, labda nao wapande basi hilohilo. La pili ni siku ambazo wanafunzi hubaki nyumbani huku wafanyakazi wakiitwa kwa mafunzo au vikao. La tatu, na ndilo linaloumiza watu, ni namna mshahara unavyolipwa. Mkataba wa siku za masomo pekee unaweza kulipa miezi unayofanya kazi tu, au kugawa malipo ya mwaka kwa miezi 12. Kiasi cha mwaka kinaweza kuwa kilekile, lakini kwa mtindo wa kwanza mwezi wa likizo ndefu unaingia bila kitu. Omba mgawanyo wa miezi 12 uandikwe kwenye mkataba.

Kuna kazi zinazoonekana zinafaa kumbe zinaangukia palepale unapobanwa. Kufundisha watoto masomo ya ziada ni mfano mzuri: wanafunzi wako watapatikana baada ya saa 9 na Jumamosi, muda uleule watoto wako wapo mikononi mwako. Kufundisha watu wazima asubuhi ni jambo tofauti, hiyo inawezekana. Saluni nayo hujaa jioni na mwisho wa wiki.

Leja Safi:
Kwa ujuzi wako mimi ningekwenda moja kwa moja kwenye kutunza vitabu vya hesabu vya biashara ndogo. Mteja hajali kama unaingiza ankara saa 4 asubuhi au saa 3 usiku, anachotaka ni hesabu iliyofunga tarehe mliyokubaliana.

Usihesabu saa zote 22 kuwa za kutoza. Karibu theluthi moja huliwa na simu, kukumbushia stakabadhi zilizopotea na kuandaa ankara zako mwenyewe. Mwezi wa kwanza wa kila mteja andika muda unaotumia: kuingiza miamala, kulinganisha leja na taarifa ya benki, kufuatilia madeni, kutoa ripoti. Baada ya hapo weka bei ya mwezi mzima badala ya bei ya saa, na taja idadi ya miamala inayofunikwa na bei hiyo. Bila kikomo hicho biashara ya mteja itakua na kazi yako itaongezeka mara mbili kwa malipo yaleyale.

Tatizo kubwa la kazi hii ni mwisho wa mwezi, kila mteja anataka kufunga kwa pamoja. Andika kwenye makubaliano kwamba nyaraka zikifika baada ya tarehe 5, ripoti nayo inasogea kwa siku zilezile zilizochelewa. Changanya wateja: mmoja wa mishahara ambaye kazi yake huangukia katikati ya mwezi, wengine wa kufunga mwisho wa mwezi. Pia angalia tarehe za kodi dhidi ya kalenda ya shule kabla ya kumkubali mteja yeyote. Kama tarehe ya mwisho ya kuwasilisha kodi iko katikati ya likizo ndefu, kazi hiyo ianze wiki tatu mapema.

Na usichukue nywila ya benki ya mteja, hata akikulazimisha. Omba ruhusa ya kutazama taarifa tu. Pesa zikipotea, aliyekuwa na nywila ndiye wa kwanza kuulizwa.

Sikio Makini:
Naongezea upande wa kuandika rekodi za sauti kuwa maandishi, kwa kuwa umesema unaandika haraka. Kipimo kinachotumika sana: saa moja ya sauti safi yenye wazungumzaji wawili inamchukua mzoefu kama saa nne. Anayeanza, au sauti yenye kelele na watu wengi, ni saa sita na kuendelea. Malipo huhesabiwa kwa dakika ya sauti, si kwa dakika yako, kwa hiyo gawanya bei ya saa ya sauti kwa nne au sita ujue unalipwa nini hasa. Kwa saa 22 za wiki usiahidi zaidi ya saa tatu za sauti mpaka ujijue.

Kabla ya kukubali faili, sikiliza dakika moja mwanzoni, moja katikati na moja karibu na mwisho. Rekodi nyingi za vikao huanza vizuri, kisha kinasa sauti kinasogezwa na nusu ya wasemaji hawasikiki. Siku hizi wengi hutuma rasimu iliyotolewa na programu na kukutaka urekebishe kwa bei ya chini. Sauti ikiwa mbaya, kurekebisha rasimu hiyo kunaweza kuchukua muda sawa na kuandika upya, kwa hiyo omba kuona rasimu yenyewe na sauti yake kwanza.

Vifaa: hedifoni zinazofunika masikio, na pedali ya mguu ya kusimamisha na kurudisha sauti, inapunguza uchovu wa mikono sana. Faili za hospitali au mahakama zisikae kwenye kompyuta ambayo watoto wanachezea.

Anayekutoza ada ya usajili ili akupe kazi, mwache. Jaribio la dakika chache bila malipo ni kawaida. Jaribio la saa nzima ni kazi, na kazi inalipwa.

Mama Ratiba:
Asanteni sana, hesabu ya saa imenifumbua macho. Vipi huduma kwa wateja kwa simu ukiwa nyumbani? Na zamu za usiku?

Karani wa Zamu:
Huduma ya simu kwa kawaida ndiyo kazi ya nyumbani isiyopangika kuliko zote. Mfumo unarekodi dakika uliyoingia, dakika uliyotoka na mapumziko, na mwalimu akipiga kwamba mtoto ana homa huwezi kuacha mteja hewani. Tafuta huduma ya kujibu barua pepe au ujumbe, ambapo kipimo ni idadi ya majibu. Kama mwajiri yuko nchi inayobadilisha saa mara mbili kwa mwaka, kumbuka kikao cha saa 7:30 kinaweza kuhamia saa 8:30 ghafla, yaani dakika ileile watoto wanatoka.

Zamu ya usiku ihesabu kwa usingizi. Ukitoka saa 1 asubuhi, ukapeleka watoto, ukalala saa 3 hadi saa 8 kasoro, ni chini ya saa tano. Kwa usiku mmoja mwili unavumilia, kwa tatu mfululizo ni hatari, hasa kama unaendesha gari kuwafuata. Na saa za usiku nani yupo na watoto? Hilo nalo linahitaji mtu.

Mezani na Mwajiri:
Mkisahau kazi aliyonayo mtu tayari, mnaacha njia iliyo rahisi. Mwajiri wa sasa anajua uwezo wako. Peleka ombi la ukurasa mmoja: saa unazopendekeza kwa kila siku, kazi zipi zitafanyika ndani ya saa hizo, nani atashika simu baada ya saa 7:45, na kipindi cha majaribio cha miezi mitatu chenye tarehe ya kutathmini. Usiandike "nina watoto" kama hoja kuu, andika jinsi kazi itakavyokamilika.

Kama nafasi haiwezi kupunguzwa, pendekeza watu wawili waishike, mmoja asubuhi na mwingine mchana, au siku mbili na nusu kila mmoja. Makabidhiano yawe na muda wake unaolipwa, walau nusu saa, na daftari moja la pamoja la mambo yanayosubiri. Mipango hii huvunjika pale kila mmoja anapobaki na taarifa kichwani. Ile ya kubana wiki kuwa siku nne za saa kumi isikuvutie: unapata siku moja huru na kukosa geti siku nne.

Kuhusu haki, Shirika la Kazi Duniani (ILO) lina Mkataba namba 156 wa mwaka 1981 kuhusu wafanyakazi wenye majukumu ya familia, na namba 175 wa 1994 kuhusu kazi za muda pungufu. Mikataba hii inabana nchi zilizoiridhia tu, basi soma sheria ya kazi ya kwako uone kama nusu siku inakupa likizo na ulinzi wa ugonjwa kwa uwiano.

Likizo: chukua kalenda ya shule ya mwaka mzima na uhesabu siku za kazi ambazo watoto watakuwa nyumbani. Toa siku zako za likizo. Zilizobaki zigawe sasa hivi: likizo bila malipo, ndugu, kambi ya watoto, kubadilishana na mzazi mwingine. Usimalize siku zako zote kwenye kalenda, bakiza tano za homa na geti lililofungwa bila taarifa. Na jina la mtu wa pili anayeruhusiwa kuchukua watoto lipelekwe shuleni kwa maandishi mapema, maana siku ya dharura shule haitamkabidhi mtu kwa simu tu.