Mahindi ya kukaanga yanatoka magumu kama kokoto, tatizo liko wapi?

KaraiMoto (Tabata) aliuliza:

Wakuu, habari za jioni. Naomba msaada wa mahindi makavu ya kukaanga kwa mafuta, yale ya kutafuna yanayovunjika kwa mlio. Siyo bisi. Natumia mahindi meupe ya kawaida ya gunia, nalowesha usiku kucha, asubuhi nachuja na kutia kwenye mafuta ya moto. Dakika tatu tu nje yameshakuwa ya kahawia, lakini ndani yanaumiza jino, na maganda yanang'ang'ania kwenye fizi. Mengine yanapasuka na kurusha mafuta. Kosa ni aina ya mahindi, muda wa kulowesha au moto? Nataka kuyauza kwa pakiti za gramu 50, kwa hiyo lazima yakae walau wiki mbili bila kulainika.

PunjeNzima alijibu:

Mkuu, yote matatu yanachangia, ila anza na ganda. Ganda la hindi halipitishi maji kirahisi. Maji huingia zaidi kwenye kitako, pale punje iliposhikana na gunzi. Usiku mmoja kwenye maji baridi hautoshi kufika katikati. Ukikaanga hapo, wanga wa ndani haujaiva, unakauka tu na kuzidi kuwa mgumu. Na mvuke ukikosa pa kutokea, punje inapasuka na mafuta yanaruka. Bisi hufaidika na hilohilo: ganda lake imara hubana mvuke mpaka joto lifike kama nyuzi 180, halafu punje inafumuka. Hindi la ugali halina ganda la namna hiyo.

Kwa hiyo nunua mahindi yaliyokobolewa, yale ya makande. Chagua yenye punje nzima, chenga zote zipepete kwenye ungo, kwa sababu chenga huungua kabla punje nzima haijaiva.

Kwa kilo moja: osha, lowesha kwenye lita tatu za maji kwa saa 12. Kwa joto la Dar badilisha maji mara moja katikati, la sivyo yanaanza kuchacha na ladha ya uchachu haiondoki hata kwa chumvi. Kisha chemsha kwenye maji mapya yenye chumvi, kama gramu 20 kwa kila lita, moto wa wastani. Anza kuonja dakika ya 25. Punje iwe inang'atika mpaka katikati bila kukuta kiini kikavu cheupe, lakini isiwe imefunguka. Ikishafunguka umepitiliza, hayo yapikie makande, maana kwenye karai yatanyonya mafuta mengi.

Sasa kukausha, na hapa ndipo wengi wanaharibu. Chuja, tandaza safu moja juu ya kitambaa safi, anika juani. Usihesabu saa, tumia mizani. Kilo moja ya mahindi makavu ikishachemka hukaribia kilo 1.8. Anika mpaka ibaki karibu kilo 1.3. Kwa mkono, punje zinateleza zenyewe bila kushikana, lakini ukiibonyeza moja kwa kucha bado inaingia kidogo. Yakiwa mabichi kuliko hapo, mafuta yanafura na mahindi yanatoka laini. Yakikauka kabisa, yanarudi kuwa magumu kama ulivyoanza.

Kaanga mara mbili. Kwanza nyuzi 150 hadi 160, gramu 200 tu za mahindi kwa lita moja ya mafuta, dakika tano au sita huku ukikoroga. Angalia mapovu: yakipungua sana, maji mengi yameshatoka. Epua, acha dakika kumi. Mara ya pili nyuzi 185, dakika moja mpaka mbili, toa yakiwa ya dhahabu, usisubiri kahawia kwa sababu yanaendelea kuiva kwenye chujio. Kipimajoto cha jikoni kitakulipa haraka kuliko kifaa kingine chochote utakachonunua. Rangi ya nje peke yake itakudanganya, kama ilivyokudanganya kwenye hizo dakika tatu.

Mwana wa Machakos alijibu:

Nakubaliana na hapo juu, kwetu hayo mahindi ni muthokoi na sokoni yako tele. Naongeza kuhusu aina. Kata punje kumi kwa kisu katikati. Ukiona sehemu kubwa inang'aa na imekaza, hayo hata ukiyachemsha vizuri yatabaki na ugumu fulani. Ukiona unga mweupe mwingi katikati na punje ina kibonyeo juu, chukua hayo. Ndiyo maana Peru, kwenye bonde la Urubamba karibu na Cusco, hukaanga mahindi yao meupe yenye punje kubwa mno: ndani ni unga mtupu, yanavunjika kwa urahisi. Huko pia wana chulpe, hindi lenye makunyanzi ambalo hukaangwa kavu kwa mafuta kidogo tu bila kuchemshwa. Usijaribu njia hiyo ya pili kwa mahindi ya huku.

ChumviKidogo aliuliza:

Nimeona watu wanaondoa ganda kwa chokaa. Si rahisi kuliko kutafuta yaliyokobolewa?

PunjeNzima alijibu:

Chokaa ya chakula inafanya kazi vizuri sana: gramu 10 kwa kilo ya mahindi kwenye lita tatu za maji, chemsha nusu saa, acha yalale humo usiku mzima, asubuhi sugua na suuza mpaka maji yawe safi. Ufilipino hutengeneza mahindi yao ya kukaanga kwa njia ya namna hii. Lakini dada, chokaa iliyojaa madukani kwetu ni ya kupaka kuta. Hiyo usiiguse kwa chakula. Magadi hulainisha ganda, ila yakizidi mahindi yanageuka manjano na kuwa na ladha ya sabuni. Kwa biashara, kukoboa ni salama na hesabu yake inajulikana.

Alizeti_Dodoma alijibu:

Hakuna aliyegusa mafuta. Alizeti ya kukamuliwa mtaani ambayo haijasafishwa hutoa povu jingi na kuwa nyeusi upesi, kwa sababu bado ina utomvu wa mbegu. Kwa kazi hii tumia yaliyosafishwa. Chuja chenga kila baada ya mkupuo, na mafuta yakianza kutoa moshi mapema kuliko mwanzo, yamekwisha, usiyachanganye na mapya.

Chumvi: isage iwe laini, nyunyiza mahindi yakiwa bado ya moto, gramu 10 hadi 12 kwa kilo. Onja kwanza, maana umeshatia kwenye maji. Ukitaka ukali wa ndimu tumia ndimu ya unga, kamwe usikamulie ndimu mbichi, utayalainisha papo hapo.

Kuhusu wiki mbili: yapoe kabisa kabla ya kufunga, mpaka ukiyashika kiganjani usihisi vuguvugu lolote. Yakifungwa na joto, mvuke unageuka maji ndani ya pakiti na kesho yake yamelegea. Vipakiti vyepesi vya karanga vinapitisha unyevu, hasa Pwani. Tafuta vizito vya kufungwa kwa mashine ya joto, na uviweke mbali na jua ili mafuta yasichache.

La mwisho ni sumukuvu, na hili nalisema kwa msisitizo. Mwaka 2004 mahindi yenye kuvu yaliua watu 125 mashariki mwa Kenya. Joto la karai haliiondoi. Tupa punje zenye kuvu, zilizobadilika rangi au zilizotobolewa, na ufanye hivyo kabla ya kuyapeleka kukobolewa, kwa sababu baada ya hapo dalili nyingi hazionekani tena. Ukinunua yaliyokwisha kukobolewa, muulize muuzaji yalihifadhiwaje, na uyanuse kabla ya kulipa.

KaraiMoto alijibu:

Asanteni sana. Swali moja: nikikosa jua?

PunjeNzima alijibu:

Oveni nyuzi 70 huku mlango umeachwa wazi kidogo, geuza kila nusu saa, pima kwa mizani ileile. Usiyaanike ndani usiku kucha yakiwa na maji, asubuhi yatakuwa na utelezi wa kuharibika.