Rafu za ukutani kando ya kitanda: tupeane uzoefu

Msoma Usiku: Wakuu, habari za jioni. Nimechoka na kimeza cha kando ya kitanda. Kinakula nafasi, na kila nikifagia lazima nikihamishe. Nataka kufunga rafu mbili ndogo, moja kila upande, zile ambazo vyuma vyake vimejificha ndani ya mbao hadi ukitazama unaona ubao tu. Waliozifunga watuambie: kimo gani, kina gani, na ukuta wenu ni wa nini? Picha za kupendeza nimeshaona za kutosha, nataka neno la mtu anayelala nazo.

Randa na Msumeno: Mkuu, anza na ukuta, mbao baadaye. Gonga kwa kidole kilichokunjwa. Ukisikia mlio mzito, huo ni zege au tofali lililojaa, kazi nyepesi. Mlio wa uwazi ni bodi ya jipsamu au tofali la matundu, hapo ndipo watu hulia.

Watu hununua rafu kwa kuangalia kilo zilizoandikwa kwenye boksi. Chukua rafu ya kina cha sm 20. Ukiiwekea taa na vitabu vya kg 6, uzito unakaa kama sm 10 kutoka ukutani. Bamba la chuma la nyuma likiwa na kimo cha sm 3, skrubu za juu zinavutwa zitoke ukutani kwa nguvu ya karibu kg 20. Bado ni sawa. Ila rafu ya kitandani ina jambo ambalo ya sebuleni haina: mtu akiamka usiku anaishika ili ajiinue. Akikandamiza ukingo wa mbele kwa kg 15 tu, mvuto kwenye skrubu unafika kg 100. Plasta haishiki hiyo, plasta ni unga uliokauka. Plagi, kile kidude kinachoingia kwenye tundu la ukuta ili kishike skrubu, lazima ipite plasta yote iingie kwenye tofali lenyewe.

Kwa hiyo kina kiwe kidogo. Sm 15 hadi 20 inatosha simu, glasi na kitabu.

Mama Pacha: Naunga mkono hilo la kushikwa. Mume wangu alikuwa anajiinulia hapo kila alfajiri, rafu ikaanza kuinama mbele. Tuliisogeza kuelekea kichwani, usawa wa mto, badala ya usawa wa kiuno. Ukiwa umelala unaifikia vizuri, ukikaa ili uamke mkono hauifuati. Pia waambieni mafundi waviringishe pembe za rafu. Pembe kali gizani inakutafuta nyonga, na watoto inawafikia usoni.

Msoma Usiku: Asante dada. Na kimo?

Mama Pacha: Pima kutoka juu ya godoro, sio sakafuni. Na godoro liwe tayari kitandani na shuka lake, maana magodoro yanapishana sana unene. Yetu iko sm chache juu ya godoro. Ikiwa chini ya hapo, blanketi linapanda juu yake na kuangusha glasi.

Zamu ya Usiku: Nyaya jamani! Kando ya kitanda ndipo soketi na swichi zilipo. Kwa kawaida waya hupanda au hushuka wima kutoka kwenye soketi, au hukimbia mlalo usawa wake. Usitoboe kwenye mistari hiyo. Zima umeme kwenye swichi kuu na utumie drili ya betri. Kuna mafundi wa umeme waliopitisha waya kimshazari, kwa hiyo kama una kile kifaa cha kutambua waya ndani ya ukuta, kipitishe kwanza.

Mpangaji Mtulivu: Sisi wa nyumba za kupanga je? Mwenye nyumba hataki tundu hata la msumari.

Randa na Msumeno: Usidanganyike na mkanda wa gundi, utabandua rangi na rafu juu yake. Funga ubao kwenye ubao wa kichwani wa kitanda chenyewe, ukuta usiguswe. Ukihama unahama nao.

Kwa wenye jipsamu: tafuta nguzo iliyo nyuma yake, mara nyingi zimeachana sm 40 au 60. Sumaku ndogo itakuonyesha skrubu zilizoshikilia bodi, zifuate wima. Nguzo isipokuwepo unapotaka rafu, kuna plagi zinazofunguka nyuma ya bodi kama mwavuli. Hizo weka simu na miwani tu, vitabu hapana.

Tundu litoboe refu kidogo kuliko plagi, kisha ulipulize vumbi lote. Plagi ya mm 8, biti ya mm 8, usiongeze. Plagi ikizunguka unapokaza skrubu, acha, tundu limeshapanuka. Tumia plagi ndefu zaidi au sogea pembeni. Kujaza tundu kwa njiti za kiberiti ni ujanja wa kutundikia picha.

Zamu ya Usiku: Na chukua pima maji, kile kifaa chenye kiputo, uiweke juu ya bamba kabla ya kukaza skrubu ya pili. Kalamu ikibingirika usiku utaisikia.

Msoma Usiku: Nimegonga sasa hivi. Upande wangu mlio mzito, upande wa mwenzangu uwazi mtupu, kumbe ule ni ukuta wa jipsamu uliogawa chumba. Basi vitabu vyote vinakuja kwangu, yeye atapata ya kina cha sm 15, ikikosa nguzo ni ya simu na miwani tu. Nimemwambia, amesema glasi ya maji nayo ibaki kwangu.