Naomba ushauri: kuunganisha Safari na Hifadhi pande zote mbili kwenye WordPress bila orodha kupishana

Msimbo_Arusha:

Heshima kwenu wakuu.

Nimekabidhiwa tovuti ya kampuni ya utalii hapa Arusha. Ni WordPress, fildi zake zimejengwa kwa plagini ya Advanced Custom Fields (ACF). Kuna aina mbili za posti: Safari na Hifadhi. Kila Safari ina fildi ya uhusiano inayotaja hifadhi inazopita, na kila Hifadhi ina fildi yake inayotaja safari zinazofika hapo. Shida ni kwamba fildi hizi mbili hazijuani kabisa. Mhariri akiongeza Tarangire kwenye safari ya Kaskazini, inabidi afungue pia ukurasa wa Tarangire aiandike safari ile huko. Ana kazi nyingine nyingi, sioni haki kumtegemea akumbuke kila mara.

Matokeo yake, mgeni anasoma safari yenye Serengeti, Ngorongoro na Tarangire, akibofya Tarangire anakuta safari ile haimo. Na kinyume chake kipo: ukurasa wa Ziwa Manyara bado unatangaza safari ambayo siku hizi haifiki Manyara. Mtu analipa nauli ya ndege kwa kuamini ukurasa huo. Hilo ndilo linaloninyima raha.

Nilikuta msimbo wa zamani uliozimwa. Ukisevu Safari, unaita update_field (amri ya ACF ya kuandika thamani ya fildi) kwa Hifadhi; Hifadhi nayo ikisevu inaita update_field kwa Safari, na mzunguko hauishi mpaka PHP inaishiwa kumbukumbu. Nataka ukisevu upande mmoja, wa pili ujirekebishe, basi. Njia salama ni ipi? Na data iliyokwisha kupishana naifanyaje?

BantuDev:

Mkuu, ACF yako ni toleo gani? Kuanzia 6.2, lililotoka 2023, jambo hili limo ndani ya plagini yenyewe. Unafungua mipangilio ya fildi ya Safari, unawasha Bidirectional, unachagua fildi lengwa ya Hifadhi. Unarudia hivyo hivyo upande wa Hifadhi. Hakuna msimbo wa kuandika. Ila data ya zamani hairekebishi. Inafanya kazi kwa mabadiliko yanayosevuliwa baada ya kuiwasha.

Msimbo_Arusha:

Shukrani mkuu. Iko 5 kwa sasa. Kampuni haitaki kupandisha toleo lolote kubwa mpaka msimu wa wageni upite, na nawaelewa. Kwa hiyo nahitaji msimbo wa kutuvusha.

Dada_Hifadhidata:

Kabla ya msimbo, kaka, naomba tuulizane: kwa nini ukweli mmoja uhifadhiwe mara mbili? "Safari hii inapita Tarangire" na "Tarangire inapitiwa na safari hii" ni habari moja. Ukiiweka sehemu mbili, umejipa kazi ya kuzilinganisha milele.

Njia ninayoipenda mimi ni kuufanya upande mmoja kuwa mwenye mali. Hapa mwenye mali ni Safari, na sababu ni mpangilio. Kwenye Safari, nani anatangulia ni jambo lenye maana: siku ya kwanza Tarangire, kisha Manyara, kisha Serengeti, mnarudi kupitia Ngorongoro. Kwenye ukurasa wa Hifadhi, safari ipi iko juu haina uzito huo. Upande wenye mpangilio ndio ubebe data, upande mwingine utafute tu.

Kutafuta kwenyewe kunategemea jinsi ACF inavyohifadhi. Fildi ya uhusiano inakaa kwenye jedwali la wp_postmeta kama orodha iliyofungwa kuwa maandishi, na kila ID ndani yake imehifadhiwa kama maandishi yenye alama za kunukuu. Kwa hiyo kwenye ukurasa wa Tarangire, tuseme ID yake ni 45, unatumia meta_query (utafutaji wa WordPress ndani ya data za fildi) yenye LIKE, yaani inayotafuta kipande cha maandishi, na thamani '"45"', pamoja na zile alama za kunukuu. Ukiziacha, 45 itakamata pia 145 na 450. Hapo unaifuta kabisa fildi ya Hifadhi, na hakuna kitakachopishana kwa sababu hakuna pande mbili tena.

Hasara yake: LIKE ya namna hiyo haipati msaada wa faharasa, hifadhidata inasoma mstari baada ya mstari. Kwa tovuti ya kampuni moja ya utalii haina tatizo, hasa ukiwa na kashe. Kwa tovuti yenye makumi ya maelfu ya posti ningekwenda kwenye jedwali la pekee la uhusiano, safuwima mbili za ID zenye faharasa. Plagini ya MB Relationships ya Meta Box inafanya hivyo.

Msimbo_Arusha:

Dada, hoja ya mpangilio imenigusa, sikuwa nimeitazama hivyo. Lakini mhariri anahitaji kufanya kazi kutoka ukurasa wa Hifadhi pia. Masika barabara zikiharibika, anataka kufungua hifadhi moja na kuziondoa safari kadhaa kwa mkupuo. Kumwambia afungue kila Safari ni kumrudisha kule kule.

FundiKimya:

Basi andika pande zote, ila andika tofauti tu. Usiandike upya orodha nzima ya upande wa pili.

```
const JOZI = [
  'field_safari_hifadhi' => 'field_hifadhi_safari',
  'field_hifadhi_safari' => 'field_safari_hifadhi',
];

foreach (array_keys(JOZI) as $ufunguo) {
  add_filter("acf/update_value/key=$ufunguo", 'sawazisha_pande', 10, 3);
}

function soma_id($ufunguo, $id) {
  $ghafi = get_field($ufunguo, $id, false);
  return array_map('intval', array_filter((array) $ghafi));
}

function sawazisha_pande($mpya, $id, $fildi) {
  static $kazini = false;
  if ($kazini || !is_numeric($id) || wp_is_post_revision($id)) {
    return $mpya;
  }
  $kazini = true;

  $pili   = JOZI[$fildi['key']];
  $sasa   = array_map('intval', array_filter((array) $mpya));
  $zamani = soma_id($fildi['key'], $id);

  foreach (array_diff($sasa, $zamani) as $mwenza) {
    $orodha   = soma_id($pili, $mwenza);
    $orodha[] = (int) $id;
    update_field($pili, array_values(array_unique($orodha)), $mwenza);
  }
  foreach (array_diff($zamani, $sasa) as $mwenza) {
    $orodha = array_diff(soma_id($pili, $mwenza), [(int) $id]);
    update_field($pili, array_values($orodha), $mwenza);
  }

  $kazini = false;
  return $mpya;
}
```

Funguo za fildi badilisha uweke zako. Filta hii ya acf/update_value (mahali ACF inapokupitishia thamani uiguse) inaitwa kabla thamani mpya haijaandikwa, ndiyo maana get_field bado inakupa ya zamani. $kazini ndiyo inayokata ule mzunguko: update_field ya ndani inaiita filta tena, inakuta kazi inaendelea, inatoka.

Dada_Hifadhidata:

Msimbo mzuri. Msimbo_Arusha, angalia mambo mawili ambayo FundiKimya ameyafanya bila kuyasema.

Kwanza ametumia ufunguo wa fildi, ile field_ kitu, badala ya jina. Hifadhi mpya ambayo fildi yake haijawahi kusevuliwa haina rekodi inayounganisha jina na ufunguo. Ukiita update_field kwa jina, ACF haitajua ni fildi ya aina gani, na kwenye ukurasa utapata namba tupu badala ya posti.

Pili ametumia update_field, si update_post_meta. Ukiandika moja kwa moja kwa update_post_meta na ID zako ni namba, zinahifadhiwa kama namba, zile alama za kunukuu hazipo, na kila utafutaji wa LIKE '"45"' unarudi mikono mitupu. Tovuti haitoi kosa lolote, safari zinapotea tu kwenye kurasa. Hitilafu ya aina hiyo inaweza kukaa miezi bila mtu kuigundua.

Lakini suala la mpangilio bado halijatatuliwa. Mhariri akiongeza safari akiwa ukurasa wa Tarangire, msimbo unaiweka Tarangire mwisho wa ile Safari. Ratiba itamwambia mgeni kwamba anamalizia Tarangire, kumbe anaanzia huko. Data za pande zote zitakubaliana, na bado ukurasa utakuwa unasema uongo.

Msimbo_Arusha:

Hapo ndipo palipo na moyo wa kazi yenyewe. Nifanyeje sasa?

Dada_Hifadhidata:

Ulichotueleza mhariri anakihitaji upande wa Hifadhi ni kuondoa. Kuondoa hakuharibu mpangilio, zinazobaki zinabaki kwa zamu yake. Kuongeza ndiko kunakohitaji mtu aamue ni siku ya ngapi, na uamuzi huo uko kwenye Safari. Kwa hiyo ruhusu kuondoa pande zote, kuongeza kuwe upande wa Safari tu.

Usikatae kimyakimya lakini. Tumia filta ya acf/validate_value kwenye fildi ya Hifadhi: linganisha kilicholetwa na kilichopo, ukikuta safari mpya rudisha sentensi kama "Ili kuongeza hifadhi hii, fungua Safari husika na uiweke kwenye siku yake." Mhariri ataiona kabla ya kusevu. Na update_field inayotoka kwenye msimbo haipiti kwenye ukaguzi huo, hivyo Safari bado itaweza kujiandika upande wa Hifadhi bila kizuizi.

Mlinzi_wa_Sava:

Ongezeni na kufuta. Posti ikifutwa kabisa, ID yake inabaki upande wa pili kama jina la marehemu kwenye daftari la mshahara. Tumia before_delete_post, ndoano ya WordPress inayoitwa kabla posti haijafutwa: soma wenza wa posti inayofutwa, ondoa ID yake kwa kila mmoja. Kwa posti iliyo kwenye kapu la taka tu mimi siigusi, kwa sababu inaweza kurudishwa, ikirudi iwakute wenzake. Kwenye kiolezo onyesha zenye hali ya publish pekee.

Kuhusu data ya zamani, chukua bekapu kwanza. Halafu andika skripti ya kuendesha kwa wp eval-file, amri ya WP-CLI: pitia Safari zote, tengeneza ramani ya kila Hifadhi na safari zake, ilinganishe na kilichomo kwenye fildi za Hifadhi. Mara ya kwanza isiandike kitu, ichapishe tofauti tu. Usikimbilie kujumlisha pande zote mbili, maana ukijumlisha unafufua zile safari za Manyara ambazo hazifiki Manyara. Wala usiamini kwamba Safari ndiyo sahihi kila mahali. Peleka orodha ofisini, anayepanga safari aseme ipi ni kweli, kisha ndipo uandike.

Msimbo_Arusha:

Mrejesho wakuu. Skripti ya kulinganisha nimeiendesha kwenye nakala ya tovuti. Tofauti nyingi zilikuwa Safari iko sahihi na Hifadhi imesahauliwa, kama nilivyotarajia. Lakini zilikuwepo ambazo Safari ndiyo iliyopitwa na wakati: mhariri aliondoa upande wa Hifadhi, akaamini imetosha. Anayepanga safari amezipitia zote kwa kalamu. Mlinzi, ningejumlisha tu, ningewatangazia wageni njia zisizokuwepo. Ahsante sana.

Swali la mwisho: huu msimbo niuweke kwenye functions.php ya dhima (theme) ya tovuti?

FundiKimya:

Hapana. Siku wakibadilisha dhima, usawazishaji unakufa na hakuna atakayejua. Weka faili moja kwenye folda ya wp-content/mu-plugins. Inapakiwa yenyewe, na haiwezi kuzimwa kwa bahati mbaya kutoka kwenye dashibodi.

BantuDev:

Na mkipandisha kwenda 6.2 au zaidi mkawasha ile ya ndani, ondoa kipande cha sawazisha_pande siku hiyo hiyo, usiache viwili vinaandika fildi moja. Bakiza ukaguzi wa kuongeza na usafishaji wa kufuta, hivyo utaendelea kuvihitaji.