Ekisentrisiti ni kipimo cha ubapa au tunawadanganya wanafunzi?

Chaki Nyeupe: Wakuu, naombeni ushauri. Kila mwaka nafundisha kwamba ekisentrisiti (e) inaonyesha duaradufu imebanwa kiasi gani: 0 ni duara, ikikaribia 1 imebanwa sana. Juzi binti mmoja kachora ya 0.2, akaniuliza, "Mwalimu, mbona hili ni duara tu?" Sijameza mate akaongeza, "Na kama duara ni 0, mstari elekezi wake uko wapi?" Nikasema tutaendelea kesho. Kitabu nacho kinaanza na uwiano wa umbali wa nukta ya umbo hadi fokasi (nukta maalumu ndani ya umbo) na umbali wake hadi mstari elekezi (mstari mnyoofu ulio nje ya umbo), kurasa mbili mbele kinaandika e = c/a (c ni umbali kutoka katikati hadi fokasi, a ni nusu ya urefu wa umbo), kimya. Nianzie wapi?

Bikari: Binti yuko sahihi. Chukua uzi wa sm 20, funga ncha zake kwenye pini mbili (hizo ndizo fokasi), zungusha penseli. Pini zikiachana sm 4, e ni 0.2; umbo lina urefu wa sm 20 na upana wa 19.6. Milimita nne, nani ataziona? Zitenge sm 12, e inafika 0.6, upana bado ni 16! e inapima fokasi ilivyohama kutoka katikati. Ubapa unakuja nyuma unachechemea, maana b² = a²(1 − e²), b ikiwa nusu ya upana, na 0.2 ikizidishwa yenyewe ni 0.04 tu.

Mstari elekezi uko umbali wa a/e kutoka katikati. Kwa 0.2 ni sm 50, nje ya daftari kabisa. Kadiri e inavyopungua ndivyo unavyotokomea. Kwenye 0 haupo popote.

Jicho Pembeni: Sawa, ila ukianza na c/a, parabola (mkunjo usiojifunga, e yake ni 1) utaifanyaje? Haina katikati, kwa hiyo hiyo c na a huzipati. Mimi huanza na uwiano ukiwa 1, kisha naupunguza nipate duaradufu, halafu naupandisha kupita 1 hadi haipabola (mkunjo wa vipande viwili). Duara nalileta mwisho, na nakiri wazi kwamba uwiano haulizai.

Tatu Bila: Michoro ya vitabuni ndiyo inaharibu. Njia ya Dunia kuzunguka Jua inachorwa kama yai, wakati e ni 0.0167! Hata njia ya sayari ya Utaridi yenye 0.206 imebanwa kama asilimia 2 tu, ila Jua limekaa kando ya katikati kwa sehemu moja ya tano ya nusu ya mhimili mkubwa (ile a).

Chaki Nyeupe: Shukrani wakuu. Kesho naingia na pini. Uzi wa kushonea utafaa?

Bikari: Unavutika, umbo litakuja na nundu. Tafuta kamba nyembamba ngumu.