Mjadala: Capri ya mjomba ipachikwe V8, au ife na injini yake ya 1600?

Mwanzisha mada, Kampala

Naleta hapa ugomvi wa nyumbani kwetu, sisi wenyewe umetushinda. Mjomba ana Ford Capri ya 1970, ya boneti ndefu, injini ya 1600, yaani lita 1.6. Inakula oili, na ikiwashwa asubuhi jirani anafunga dirisha. Fundi wetu wa Ndeeba ametupa njia mbili: ovahoo, yaani kuifungua injini na kuifanya upya, au kuitoa kabisa na kuweka 1UZ, ile V8 ya Toyota, silinda nane kwa safu mbili, ya lita 4 iliyokuja na Celsior na Crown. Binamu zangu wote wako upande wa V8. Marafiki wa mjomba wanasema huko ni kuua gari.

Mimi nasema iwekwe. Wanaotaka gari la misuli, yaani gari la kawaida la Kimarekani lililopewa injini kubwa, lisiguswe wamesahau lilivyozaliwa. Mwaka 1964 Pontiac walichukua Tempest, gari la saizi ya kati, wakaipa injini ya inchi za ujazo 389, karibu lita 6.4, iliyokuwa ya magari yao makubwa. General Motors, wenye Pontiac, walikuwa wamekataza injini ya gari la saizi hiyo kuzidi inchi 330. Pontiac wakaiandika kama nyongeza anayoiomba mteja mwenyewe, wakaiita GTO, nayo ikapita mlango wa uani. Yaani gari ambalo watu huliita la kwanza la aina yake lilikuwa lenyewe gari la kupachikwa injini.

Na msiniambie Capri si Mmarekani. Afrika Kusini, mwanzoni mwa miaka ya 1970, Basil Green alizipachika Capri V8 ya Ford ya inchi 302, lita 5 hivi, zikaitwa Perana, na zikauzwa na mawakala wa Ford wenyewe zikiwa na dhamana. Kama Johannesburg iliwezekana kwa dhamana, Ndeeba kuna dhambi gani?

Halafu kuna hili la hewa. Kampala iko karibu mita 1,200 juu ya usawa wa bahari. Hewa hapa ni nyepesi kwa kama sehemu moja ya kumi, na injini isiyo na tabo ya kusukumia hewa ndani inapoteza nguvu kwa kiasi hichohicho. Ukipanda Kabale inapoteza zaidi. Hiyo 1600 ilikuwa na nguvu za farasi zisizofika 90 ikiwa mpya, tena kule pwani. Leo hata bodaboda aliyebeba ndizi anaipita.

Karibuni, lakini matusi mwache nje.

Dereva mstaafu, Jinja

Mwanangu, nimeendesha malori jeshini miaka mingi, kwa hiyo nguvu siichukii. Ila umeongea aya nne nzima na neno breki sijaliona hata mara moja.

Hiyo 1UZ inatoa farasi kama 250. Unazidisha nguvu ya gari karibu mara tatu, halafu unataka ngoma ndogo za nyuma na diski za 1600 zilisimamishe? Nenda msitu wa Mabira saa kumi na mbili jioni, lori la miwa liko mbele halina taa hata moja, ndipo utajua injini kubwa ni ya kukufikisha haraka kwenye shida. Ford wenyewe walipoweka V6 ya lita 3 kwenye Capri hawakuchukua ekseli ya 1600. Waliweka nyingine, nzito zaidi, na boneti wakaiinua nundu. Hao ndio waliolitengeneza gari, na hawakuliamini lilivyokuwa.

Hizo Perana zako pia zilifanywa na mtu aliyekuwa na karakana kamili. Ndeeba fundi anapima kwa macho.

Fundi, Katwe

Mzee wa Jinja, heshima yako, ila macho yetu msiyadharau. Nimeshaweka V8 kwenye Hilux, kwenye Mark II, na mara moja kwenye Benzi ya zamani. Injini kuingia inaingia. Shida huanza baadaye.

Usukani wetu uko kulia. V8 ina vichwa viwili, na ekzosi ya kichwa cha kulia inashuka palepale inapopita fimbo ya usukani. Pima kabla hujanunua kitu soko la spea la Kisekka: kata boksi la katoni kwa umbo la injini, lishushe ndani, pitisha mkono. Vidole viwili visipopita kati ya ekzosi na fimbo, acha. Nimeona gari ambalo bomba lilikuwa limegusa kabisa, mwenyewe akilalamika usukani unachoma mikono akifikiri ni jua.

Ya pili ni radieta. Injini imekula nafasi yote, kwa hiyo feni ya zamani haikai, unaweka ya umeme, na altaneta ya zamani haiiwezi. Barabara ya Entebbe usiku gari linapepea vizuri tu. Mkae foleni ya Clock Tower dakika arobaini mchana, mshale wa joto ndio utakaoendesha huu mjadala.

Dada wa bima, Mbarara

Wanaume mmepima kila kitu isipokuwa karatasi. Logbuku ina namba ya injini na ujazo wake. Ukibadilisha injini bila kubadilisha kumbukumbu, una gari moja mtaani na jingine kwenye faili. Mteja wangu aligongwa akiwa na haki zake zote, mkaguzi akafungua boneti, namba hazikulingana, na kwa miezi mingi tulikuwa tunaongelea injini badala ya ajali. Dai risiti ya aliyekuuzia, maana injini iliyoibwa nayo ina namba.

Mpenda orijino, Entebbe

Mimi sikubaliani nanyi hata kidogo. Tangu sheria ya 2018, gari lililotimiza miaka 15 tangu kutengenezwa haliingizwi nchini. Mkiiharibu hiyo Capri, msidhani mtaagiza nyingine kama mnavyoagiza Noah. Ifanyieni ovahoo, iende taratibu kama mwenyewe mjomba anavyoenda. Mtu hampi babu viatu vya mpira akakimbie.

Mwanzisha mada

Hilo la babu limenichekesha, nimemsomea mjomba naye akacheka. Kisha akauliza kama Mzee wa Jinja anapatikana kwa simu, nikajua nimepoteza nusu ya kesi.

Jumamosi tulifanya ile ya katoni. Upande wa kushoto mkono wote ulipita. Upande wa kulia kidole kimoja, tena changu, na mimi ni mwembamba. Fundi wetu akasema tutakunja bomba. Mjomba akamwangalia tu.

Kwa hiyo narudi nyuma hatua moja, siyo zote. Hoja ya kuacha orijino kwa sababu tu ni orijino bado siikubali. Injini ya zamani tutaipaka grisi, tuifunge turubai, ikae stoo na namba zake, atakayeirithi aamue. Ila V8 nimeiacha. Sasa naangalia 3S ya Toyota Altezza: lita 2, silinda nne, imelala kwa urefu kama ile ya Ford, kichwa kimoja tu cha kuhangaikia, na hata ikichoka kidogo bado ina farasi mara mbili ya 1600. Zimejaa mjini. Kabla ya injini, pesa ya kwanza inaenda kwenye breki na ekseli. Binamu wamenuna.

Mzee wa Jinja, umeshinda hapo, nakiri.

Kilichobaki ni giaboksi. Ya Altezza ina gia sita na ni pana kuliko ya Capri, na mjomba ameapa hakuna msumeno utakaogusa sakafu ya gari lake. Aliyewahi kuiingiza bila kukata, au aliyeunganisha injini ile na giaboksi nyembamba ya Toyota ya zamani, aseme alitumia ipi na kengele ya klachi, lile kava linalounganisha injini na giaboksi, aliipata wapi.